Sura ya Saba: Chupa ya Sukari

Enid Skerritt alimwaga vioo vyote juu ya gazeti la jana, akavaa miwani, akaanza kuvichambua kipande kimoja kimoja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kingine alikiinua kwenye mwanga. Kingine alikisugua kwa kidole alichokilowesha mate. Dakika ishirini nzima! Mwisho akavua miwani.

"Glasi tupu," alisema. "Hakuna hata chembe ya sukari."

"Ulitegemea kukuta nini humo, mama mpelelezi? Keki?"

Aliyesema hivyo ni Basil Crouch, kasimama mlangoni na sandwichi ya nyama ya kopo mkononi, anatafuna huku jicho liko kwenye saa. Basil ndiye mwongozaji wa filamu, ndiye mtayarishaji, na siku dereva akiugua ndiye dereva. Filamu yenyewe ilikuwa inaitwa *Mpelelezi Haombi Radhi*. Ilitakiwa iishe kwa siku kumi na mbili tu, ndani ya Studio ya Larkmead, ambayo zamani ilikuwa jengo la kufulia nguo na mpaka leo mvua ikinyesha kuta zinanuka sabuni. Mlango ulikuwa mmoja. Jumatatu ulikuwa mlango wa hoteli, Jumanne ukapakwa rangi ukawa wa ofisi ya mpelelezi, na Ijumaa ulikuwa unangojewa na kituo cha polisi.

Sasa siku mbili zilikuwa zimepotea bure, kwa sababu Jumanne jioni nyota wa filamu alipasuliwa kichwa mbele ya kamera.

Ilikuwa hivi. Jambazi anampiga mpelelezi kwa chupa ya wiski, mpelelezi anaanguka, basi. Kila siku watu wanapigwa chupa kwenye filamu na hakuna anayeumia, maana chupa hizo si za glasi. Ni sukari. Inachemshwa na maji mpaka iwe nzito, inatiwa rangi ya kahawia, inamiminwa kwenye kalibu, ikikauka inabandikwa lebo. Ukimpiga nayo mtu inapasuka kwa kishindo cha kutisha na haimchubui hata sikio. Lakini Jumanne ile Rex Dunmore alipigwa kwa chupa ya kweli. Akashonwa nyuzi kumi na nne, na kipande kimoja kikamwingia jicho la kushoto.

Kampuni ya bima ikamtuma Enid. Kazi yake hasa ilikuwa kuwafuata waume za watu kwenye hoteli za pwani, akae sebuleni na gazeti, aandike nani kaingia chumba gani na nani. Miguu ilikuwa inamuuma toka mwaka arobaini na nane. Koti la mpelelezi wa filamu hana, bastola hana, na hajawahi kumpiga mtu hata kofi.

"Inspekta anakuja saa kumi na moja," Basil alisema. "Anamchukua Wilf. Saini tu hiyo karatasi yako, mama, utuache tufanye kazi."

"Saa saba hii. Nina saa nne."

"Za kufanya nini? Wilf ndiye mtu wa vifaa. Chupa ni kazi yake. Na wiki iliyopita, mbele ya watu ishirini, alimwambia Rex, 'Ipo siku utapigwa na ya kweli, ndiyo utashika adabu.' Ishirini, mama! Hata mpishi alisikia!"

"Ndiyo, nimesikia," alisema Enid, akakunja gazeti na vioo vyake ndani. "Lakini niambie kitu kimoja, Bwana Crouch. Kama Wilf aliweka ya glasi mahali pa ile ya sukari, ya sukari iko wapi?"

Basil akaacha kutafuna.

"Kaitupa," alisema.

"Wapi?"

"Sijui mimi! Mtoni!" Akaondoka, akaacha makombo yake mlangoni.

*

Wilf Pargeter alikuwa chumba cha vifaa, amekaa juu ya kreti, amevaa suti. Suti kabisa, na tai! Alikuwa na miaka sitini na moja, na alikuwa amejiandaa kukamatwa kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani.

"Edie kaniambia nivae," alieleza. Edie ni mkewe. "Kasema, kama wanakupeleka, wakupeleke ukiwa nadhifu."

"Bado hawajakupeleka, Wilf. Nieleze ya Jumanne, toka mwanzo."

"Nimeshawaeleza polisi mara tatu, dada."

"Mimi sijasikia hata mara moja."

Akashusha pumzi. Chupa zilikuwa mbili, alisema. Ya glasi ilikuwa juu ya meza ya mpelelezi, ina chai baridi ndani kuigiza wiski, maana Rex alikuwa anainywa mchana kutwa kwenye picha za kupigwa karibu. Chai huwezi kuitia kwenye ya sukari, itayeyuka. Ile ya sukari ilikuwa kwenye trei yake Wilf pembeni ya seti, imefunikwa kitambaa, inangoja kesho.

"Kesho?"

"Ndiyo! Ratiba ilisema ugomvi unapigwa picha Jumatano asubuhi. Nikaiweka pale mapema nione kama taa zitaitoa jasho. Saa kumi tukaenda chai, wote. Tuliporudi, Basil anapiga kelele, yule binti wa kuigiza mke sauti imekauka, hawezi hata kusema ndiyo. Basi anabadilisha, ugomvi unapigwa sasa hivi, kabla mafundi hawajazima taa. Unajua hawa mafundi wakizima saa kumi na moja na ishirini, hata Mfalme aje kuomba hawawashi."

"Halafu?"

Wilf akatazama mikono yake. "Mimi siku zote chupa ya mwigizaji namkabidhi mwenyewe. Naiinua kwanza. Ya sukari ni nyepesi, mkono unajua. Miaka thelathini na tano naiinua. Jumanne Basil akasema hakuna muda, akamwambia Cyril, yule wa kuigiza jambazi, achukue mwenyewe kwenye trei." Sauti yake ikashuka. "Nikamwacha. Sikuinua, dada. Hicho tu ndicho ninachojua. Sikuinua."

Enid aliandika neno moja kwenye daftari lake, *Cyril*, akainuka.

*

Cyril Oakshott, jambazi wa filamu, alikuwa kijana mrembo wa jukwaani mwenye kitambaa cha hariri shingoni, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza. Enid alimkuta nyuma ya jengo anavuta sigara.

"Mpenzi, naapa kwa mama yangu," alianza hata kabla hajaulizwa, "mimi nilichukua kilichokuwa kwenye trei!"

"Wanasema hukupendana na Rex."

"Nani anampenda Rex? Aliniita sanamu ya dirisha la duka mbele ya mafundi taa! Lakini kumpasua mtu kichwa, Bi Skerritt? Na mimi nakaribia kufunga mkataba?"

"Chupa ya glasi ni nzito. Ya sukari nyepesi. Hukuona tofauti?"

Cyril akamkodolea macho. "Nyepesi? Kumbe ni nyepesi?"

Enid alimtazama vizuri. Alishawasikia wanaume wengi wakidanganya kuhusu vyumba vya hoteli, na anayedanganya huwa na jibu tayari mdomoni. Huyu hakuwa na jibu. Alikuwa na swali.

"Mazoezini mlitumia chupa gani?"

"Hiyo hiyo ya mezani! Basil alisema ya sukari haiguswi. Mimi nilidhani zote ziko sawa, tofauti ni… sijui… kupasuka." Akakanyaga sigara. "Ningejua ni nyepesi ningepiga kelele palepale, mwenzangu. Kile kitu kilinivuta bega!"

Basi, njia ile ikafia hapo. Enid akapiga mstari kwenye jina la Cyril. Ilikuwa saa nane kasoro.

Akaenda kwa Hazel Brimble. Huyu binti kazi yake ni kukumbuka. Filamu haipigwi kwa mpangilio, leo mwisho, kesho mwanzo, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuandika kwamba sigara iliishia nusu na kifungo cha pili kilikuwa wazi. Hazel anaandika kila kitu. Hata chafya anaandika.

"Jumanne kabla ya chai," Enid aliuliza, "mezani kulikuwa na nini?"

Hazel akafungua kurasa bila hata kutazama. "Simu, kofia, kisahani cha majivu kina vipisi vitatu vya sigara, chupa ya wiski imebaki vidole viwili, lebo inatazama dirisha."

"Na baada ya chai?"

"Simu, kofia, kisahani." Akasita. Akasoma tena, akainamia daftari kama limemtukana. "Chupa ya mezani haipo. Niliandika 'muulize Wilf', halafu Basil akaanza kupiga kelele… Bi Skerritt! Sikumuuliza!"

"Kwa hiyo aliyechukua ya sukari alichomoa ya mezani, akamwaga chai yake, akaifunika pale kwenye trei."

"Lakini nani? Vitu vya Wilf haviguswi! Fundi taa akigusa hata kijiko, mafundi wote wanaweka vifaa chini na kugoma. Mtu akionekana na chupa mkononi tungemuuliza."

"Kila mtu angeulizwa?"

"Kila mtu," alisema Hazel kwa uhakika. Halafu uhakika ukapungua. "Isipokuwa… Rex. Rex alishinda na chupa mkononi mchana kutwa. Hata ningemwona nisingeandika." Akacheka kidogo, kicheko cha woga. "Lakini Rex ndiye aliyepigwa!"

"Ndiyo," alisema Enid. "Hilo ndilo linalonisumbua."

*

Chumba cha mavazi kilikuwa na joto la Septemba, dirisha limekwama wazi, na ndani yake nyigu wanaruka. Enid aliwaogopa nyigu. Alisimama mlangoni anawaangalia, na kadiri alivyowaangalia ndivyo alivyoona kwamba hawaruki ovyo. Nguo zilikuwa arobaini kwenye kamba ya kutundikia, magauni, sare za polisi, kanzu ya padri. Nyigu wote watano walikuwa wanazunguka koti moja. Koti la mvua, la kahawia, lenye mkanda. Koti la mpelelezi. Jumanne mchana lilitundikwa pale seti kwenye kiango cha kofia, Rex hakulivaa kwa ugomvi, na likarudishwa huku na mtu asiyelipekua.

Akachukua kofia ya padri, akawafukuza nayo, hodari kweli kwa mwanamke mwoga, akaingiza mkono mfuko wa kulia.

Kunata!

Akatoa leso iliyogandamana. Ndani yake vipande vya kahawia, vinang'aa, kama sita hivi. Akavipanga dirishani. Vinne vilikuwa na ncha kali, vimevunjwa tu. Viwili vilikuwa laini, vimeviringika pembeni, vimekuwa vyembamba katikati.

Enid alichukua kimoja cha vile vinne, akatazama nyuma, hakuna mtu, akakitia ulimini.

Jamani, utamu! Ulimwingia mpaka masikioni. Nyuma yake kulikuwa na uchungu kidogo wa rangi, lakini nani anajali? Kitabu chake cha mgawo kilikuwa kimemaliza sukari ya wiki toka Jumatatu. Miaka mingapi toka vita viishe, na bado watu wanapimiwa sukari kama dawa! Alisimama pale amefumba macho, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita, ananyonya ushahidi.

Alipofumbua, akavitazama vile vipande viwili laini, na akaelewa. Mtu anayetaka kumsingizia mwenzake anaweza kumwekea vipande mfukoni. Lakini hakuna mtu anayenyonya pipi nusu, akaitema, akaifunga kwenye leso ya mwenzake amalizie baadaye. Hicho ni kitu unachokifanya mfukoni mwako mwenyewe.

Basi Rex aliiba chupa ya sukari. Sawa. Lakini saa moja baadaye akasimama kumgeuzia Cyril kisogo, akijua chupa ya sukari hiyo iko mfukoni mwake, na akakubali kupigwa? Nani anafanya hivyo?

Akarudi mbio kwa Wilf, miguu inalia.

"Wilf. Ulitengeneza chupa ngapi za sukari?"

Wilf akafikiri kama ni swali la mtego. "Moja."

"Kawaida yako ni ngapi?"

"Mbili. Siku zote mbili, ya kupiga na ya akiba, ikienda vibaya. Filamu zote kumi na moja za Rex mbili. Ila safari hii kibali cha sukari hakijaja, Basil kasema hatungoji. Basi Edie akatoa ya nyumbani. Ya mwezi mzima, dada, yake na yangu. Ikatosha moja tu."

"Nani alijua ni moja?"

"Basil. Na yule binti Hazel, anayo orodha."

"Rex?"

"Rex?" Wilf akashangaa. "Orodha ya vifaa Rex asome ya nini? Anasoma maneno yake, hata hayo kwa shida."

*

Hospitali ilikuwa vituo sita kwa basi. Saa kumi na robo Enid alikuwa mbele ya meza ya nesi.

"Namtafuta Bwana Rex Dunmore."

"Hatuna," alisema nesi bila kuinua kichwa.

"Mwigizaji. Jicho."

"Aa! Huyo kwetu ni Norman Peasgood. Wodi ya nne, kitanda cha mwisho. Asiinuke, asicheke, asilie. Jicho halitaki kutikiswa."

Alikuwa amelala chali, kichwa kati ya mifuko miwili ya mchanga, macho yote mawili yamefungwa bandeji ili moja lisilivute jingine. Kidevu kile kile cha mabango, kile kilichopigwa ngumi na majambazi wa filamu kumi na moja. Lakini bila macho uso wake ulikuwa wa mtu yeyote. Karani wa posta labda.

"Nani?" aliuliza, akiwa ameshaitayarisha sauti yake nzito.

"Enid Skerritt. Bima."

"Mpelelezi mwenzangu!" Akatabasamu upande wa ukuta. "Karibu, mpenzi. Wamemkamata yule mzee?"

"Saa kumi na moja. Bado dakika arobaini."

"Inasikitisha. Namsamehe, mwambie hivyo. Chuki ni kitu kibaya."

Enid akavuta kiti, akakaa, akavua kiatu cha kulia. Rex hamwoni, ya nini kujitesa.

"Nimekuta leso kwenye koti," alisema.

"Koti gani?"

"Lako la filamu. Nyigu ndio walionionyesha."

"Hilo si langu, mpenzi, ni la studio. Watu wote wanalishika. Ningekuwa wewe ningemtazama yule Cyril."

Sauti ilikuwa nzuri, imetulia, haina mkunjo. Enid akaisikiliza, akafikiri, huyu kumbe anaweza kuigiza, akipewa nafasi. Lakini mikono ilikuwa juu ya blanketi, na mikono ilikuwa inakunja shuka, inakunjua, inakunja.

"Labda ni Cyril," alikubali. "Nitamuuliza. Ninachoshindwa kuelewa ni kitu kimoja tu. Aliyechukua ile chupa alijua kabisa utapigwa na ya glasi, maana ya sukari ilikuwa moja tu."

Mikono ikasimama.

"Mbili," alisema Rex.

"Moja. Kibali hakikuja."

"Wilf hutengeneza mbili!" Sauti nzito ilikuwa imekimbia yote, ikabaki sauti nyembamba ya mtu wa mjini kwao. "Siku zote mbili! Kwa nini hakuniambia iko moja?"

Enid aliacha maneno yale yakae pale kitandani, mpaka mwenyewe ayasikie.

"Kwa nini akuambie, Bwana Peasgood?" aliuliza taratibu.

Mzee wa kitanda cha pili akakohoa. Trei ya chai ikapita ikigonga. Rex akaingoja ipite, ndipo akasema.

"Niliivunja, vipande vingi nikala wakati wa chai, maana nilijua ugomvi ni kesho yake. Nikajua asubuhi atakuta glasi, atatukana, atachukua ya akiba. Basi. Tungecheka. Halafu Basil akabadilisha. Nikamwona Cyril anaenda kwenye trei, nikasema moyoni, Wilf ameshaiweka ile ya pili. Yule mzee hakosei, unajua? Hajakosea hata siku moja. Nikageuka nikampa kisogo."

"Ulimwamini."

"Kuliko daktari wangu."

"Na ukawaachia polisi wamchukue."

"Ungetaka niseme nini?" Aliongea kwa kunong'ona, na haraka haraka. "Mimi nimepigwa risasi, nimetupwa mtoni, nimerushwa kwenye treni. Watoto mitaani wananyanyua kola watembee kama mimi. Niseme nimepoteza jicho kwa sababu ya pipi? Nchi nzima itacheka! Na nyinyi wa bima mtasema niliyataka mwenyewe. Nani atampa kazi mpelelezi mwenye jicho moja anayeiba peremende?"

"Hilo sijui," alisema Enid, na ni kweli hakujua. "Bima labda haitakulipa. Sitakudanganya."

"Unaona!"

"Ila na mimi nililamba kipande kimoja."

Mikono ya Rex ikaachia shuka.

"Kilikuwa kitamu," Enid akasema. "Kidogo nile vyote. Sikulaumu kwa kuila, Bwana Peasgood. Lakini kibali hakikuja, kwa hiyo sukari ile ilitoka wapi? Edie Pargeter alitoa ya kwake na ya mumewe, ya mwezi mzima, wakawa wanakunywa chai isiyo na sukari, ili wewe usiumizwe. Sasa hivi Wilf amekaa juu ya kreti amevaa suti. Hamlaumu mtu. Anasema hakuinua chupa, anarudia hilo tu. Akifungwa ataamini mpaka kufa kwamba yeye ndiye aliyekutoa jicho."

"Ni saa ngapi?" aliuliza Rex.

"Kumi na nusu na dakika tatu."

"Andika."

Enid akaandika kwenye goti. Maelezo yalikuwa mistari tisa. Akamsomea polepole, naye akamsahihisha sehemu moja tu. Mahali Enid alipoandika "nilichukua", akasema, "Andika niliiba." Kisha Enid akamshika mkono, akamwekea kalamu, akakipeleka kidole chake mahali pa kuanzia. Akasaini kwa kuyumba, Norman Peasgood, herufi zinapanda mlima.

Nesi alikataa kwanza, akasema simu si ya wagonjwa wa jicho. Enid akamwonyesha ile karatasi. Nesi akasoma, akaguna, akaenda kuisukuma simu mwenyewe kwenye kitoroli chake mpaka kitandani, waya unaburuzika wodi nzima.

Hazel ndiye aliyepokea kule Larkmead. "Bi Skerritt! Inspekta ameshafika! Yuko na Basil wanakunywa chai!"

"Mwambie asubiri. Niitie Wilf."

Ikasikika miguu inakimbia, halafu pumzi ya mtu mzee.

Enid akaweka kisemeo karibu na mdomo wa Rex, akakishika yeye mwenyewe.

"Wilf," alisema Rex. "Ni Norman. Sikiliza, usiseme kitu. Ni mimi. Ile chupa niliiiba mimi, wakati wa kwenda chai. Nikaweka ya glasi. Nilidhani ipo nyingine. Hukukosea, Wilf. Mimi ndiye. Na nimeshasaini."

Mzee wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kukohoa, anasikiliza waziwazi. Kwenye simu hakukuwa na kitu, waya tu unanguruma. Enid akaanza kufikiri kwamba mzee amekata, au ameanguka, au anatafuta tusi la kutosha mambo yote haya.

"Norman," Wilf alisema mwishowe. "Jicho linaendeleaje?"

Nesi alikuwa amesema Rex asilie, lakini Rex alikuwa analia. Enid akageuza uso wake dirishani, japokuwa Rex hakuweza kumwona, akaendelea kumshikia simu.